Ríos Montt na swali la amri

Mwaka 1999 Guatemala ilitoa majibu mawili kuhusu mtu mmoja. Mwezi Februari, tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, chini ya mwanasheria Mjerumani Christian Tomuschat, ilitoa ripoti yake juu ya vita vya ndani vilivyodumu miaka 36. Ilisema watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, na kwamba asilimia 93 ya ukatili uliorekodiwa ulitendwa na jeshi la serikali na makundi yaliyofanya kazi chini yake. Ikaongeza kuwa karibu nusu ya ukatili wote wa miaka hiyo 36 ulitokea katika mwaka mmoja tu, 1982. Kwa zaidi ya miezi tisa ya mwaka huo aliyeshika nchi alikuwa Jenerali Efraín Ríos Montt. Mwezi Novemba, ripoti ikiwa bado inazungumzwa, wananchi walikwenda kupiga kura. Chama cha Ríos Montt kilizoa viti 63 kati ya 113 bungeni, na jenerali mwenyewe akakalia kiti cha spika.

Wengi wanaoandika juu yake huchukua jibu moja na kuliacha la pili. Wapo wanaomwona mchinjaji tu, na hao hawawezi kueleza zile kura. Wapo wanaomwona mlinzi wa utaratibu, na hao hulazimika kuifumbia macho mifupa inayofukuliwa hadi leo katika nyanda za juu za Guatemala. Mimi naamini majibu yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni amri. Mtu huyu alijengwa na amri, alipanda kwa amri, alijinadi kwa amri, na watu waliompenda walimpendea amri. Mara moja tu katika maisha yake alisema amri haikuwa yake: siku aliposimama mbele ya majaji.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1926 huko Huehuetenango, mji wa milimani magharibi mwa nchi, usio mbali na mpaka wa Meksiko. Familia yake ilikuwa ya Waladino, yaani wazungumzaji wa Kihispania wenye asili ya mchanganyiko, katika mkoa ambao majirani wengi ni Wamaya. Aliingia jeshini akiwa kijana katika miaka ya 1940, akapitia chuo cha maofisa cha Escuela Politécnica, kisha akapata mafunzo katika shule ya jeshi la Marekani iliyokuwa Panama. Mwaka 1954, alipokuwa bado ofisa wa cheo cha chini, Rais Jacobo Árbenz aliangushwa kwa mpango wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Árbenz alikuwa ameanza kuwagawia wakulima ardhi iliyokaa bila kulimwa, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya kampuni ya ndizi ya United Fruit. Tangu hapo jeshi la Guatemala lilijihesabu kuwa ndilo mwenye nchi, na kila aliyedai ardhi aliitwa mkomunisti. Ríos Montt alipanda vyeo ndani ya jeshi la namna hiyo hadi akawa mnadhimu mkuu mwaka 1973, wakati wa utawala wa Carlos Arana Osorio. Mwaka huohuo jeshi liliwaua wakulima waliokuwa kwenye mgogoro wa ardhi huko Sansirisay, mashariki mwa nchi. Natangulia kulitaja tukio hilo kwa sababu wanaosimulia habari zake hulisahau wanapofika mwaka uliofuata.

Mwaka uliofuata, 1974, jenerali huyu akawa tumaini la wanademokrasia. Chama cha Kikristo cha Kidemokrasia na washirika wake walitafuta mgombea ambaye jeshi lisingeweza kumwita mkomunisti, wakamchukua yeye. Mgombea mwenza wake alikuwa Alberto Fuentes Mohr, mchumi aliyeheshimiwa. Watu wanasadiki, na wanahistoria karibu wote wanakubali, kwamba waliongoza katika kura. Matangazo ya matokeo yakasimamishwa, hesabu zikageuzwa, na bunge likamtangaza Jenerali Kjell Laugerud kuwa rais. Wafuasi walikuwa tayari kuingia barabarani. Ríos Montt hakuwaita. Alikubali kupelekwa Madrid kuwa mwambata wa kijeshi, akakaa huko miaka mitatu hivi.

Kipindi hiki kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kinavyotazamwa kwa kawaida. Aliporudi, Ríos Montt alikuwa na mtaji ambao jenerali mwingine yeyote wa Guatemala hakuwa nao: alikuwa mtu aliyeibiwa. Kila mwananchi aliyewahi kuibiwa kura alimwona mwenzake. Lakini alipolazimika kuchagua kati ya wapiga kura na jeshi, alitii jeshi. Fuentes Mohr aliendelea na siasa za kiraia, akapigwa risasi na kuuawa jijini Guatemala mwezi Januari 1979. Mmoja wa wagombea wawili wa mwaka 1974 alikufa kwa ajili ya msimamo wake. Mwingine alingoja.

Alipokuwa akingoja, aliokoka. Tarehe 4 Februari 1976 tetemeko kubwa liliipiga Guatemala na kuua watu wapatao 23,000. Makanisa ya kiinjili kutoka Marekani yalimiminika na mabati, dawa na Biblia. Moja lilikuwa kundi la Gospel Outreach, lililoanzia Eureka, California, ambalo lilianzisha jijini Guatemala kanisa la El Verbo, maana yake Neno. Ríos Montt alijiunga nalo mwaka 1978. Alifundisha, akafagia, akasimamia shule ya kanisa. Mdogo wake, Mario Enrique, alikuwa upande wa pili: askofu wa Kikatoliki. Wakatoliki wa Guatemala wakati huo walikuwa wakiuawa kwa makumi, makatekista vijijini na mapadri pia, kwa kuwa walikuwa wamesimama na wakulima.

Sikubaliani na wanaoudharau ulokole wake na kuuita kinyago. Kila dalili inaonyesha alimaanisha. Ila nilichokiona katika hotuba zake ni kwamba wokovu haukumwondoa kambini. Ulimpa lugha mpya ya kusema jambo lilelile: Mungu juu, mtawala chini yake, baba katika nyumba yake, na kila mmoja atii. Dhambi ilikuwa ni kuasi. Katika nchi yenye waasi msituni, mafundisho ya namna hiyo yalikuwa na watu wa kuwaangukia.

Tarehe 23 Machi 1982 maofisa vijana walimpindua Jenerali Romeo Lucas García, wiki mbili tu baada ya uchaguzi mwingine wa wizi, na kumwita Ríos Montt kupitia redio aje aongoze. Usiku huo alitokea kwenye televisheni akiwa na sare za mabakamabaka, akazungukwa na vijana wenye bunduki, akimshukuru Mungu kwa kumweka hapo. Mwanzoni walikuwa watatu, yeye pamoja na Jenerali Horacio Maldonado na Kanali Francisco Gordillo. Tarehe 9 Juni aliwaondoa wenzake wawili na kujitangaza rais peke yake.

Wakazi wa mji mkuu walipumua, na hili lazima lisemwe waziwazi. Chini ya Lucas García maiti zilikuwa zikiokotwa barabarani kila asubuhi: wanafunzi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mawakili. Chini ya Ríos Montt mauaji ya mjini yalipungua sana. Watumishi wa serikali waliapishwa kwamba hawataiba, hawatasema uongo, hawatatumia madaraka vibaya, na mabango yenye mkono wa vidole vitatu vilivyonyooshwa yakabandikwa kila ofisi. Kila Jumapili jioni rais alihubiri kwenye televisheni juu ya ndoa, ulevi, uvivu na rushwa. Mtu wa tabaka la kati aliyekuwa akiogopa kutoka nje usiku alianza kutoka. Huyo ndiye aliyempigia kura miaka kumi na saba baadaye.

Hata mjini, hata hivyo, amani hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Julai 1982 zilianzishwa mahakama maalumu ambazo majaji wake hawakujulikana kwa majina wala kwa sura. Washtakiwa walisikilizwa kwa siri na waliohukumiwa kifo walipigwa risasi na kikosi. Watu kumi na watano walikufa hivyo. Sita kati yao waliuawa siku chache kabla Papa Yohane Paulo wa Pili hajawasili mwezi Machi 1983, ingawa alikuwa ameomba wahurumiwe.

Mambo makubwa yalikuwa yakifanyika mbali na kamera. Mpango wa jeshi uliitwa Victoria 82, na kwa wananchi ulijulikana kwa jina la maharage na bunduki. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kijiji kinachokaa upande wa jeshi kitapewa chakula na kazi. Kila mwanamume wake ataingia mgambo wa kulinda kijiji, bila mshahara, kwa zamu ya kukesha. Kijiji kisichokubali kitahesabiwa kuwa cha waasi. Kufikia katikati ya miaka ya themanini mgambo hao walihesabiwa kuwa wapata 900,000, katika nchi ya watu milioni saba hivi. Wengi walilazimishwa kuwakamata na kuwaua majirani zao wenyewe, mara nyingine jamaa zao, mbele ya askari waliosimama nyuma yao.

Mwezi Julai 1982 unatosha kuonyesha kilichotokea. Tarehe 17 askari waliingia San Francisco, katika wilaya ya Nentón, kijiji cha Wamaya wa kabila la Chuj, na kuua watu zaidi ya 300. Nentón iko Huehuetenango, mkoa aliozaliwa rais. Siku iliyofuata, tarehe 18, ilikuwa siku ya soko kule Rabinal, na watu wa kabila la Achi walikuwa wakirudi makwao kupitia Plan de Sánchez. Askari na mgambo wakawazuia. Waliouawa walikuwa zaidi ya 250, wengi wao wanawake na watoto. Vijiji hivyo viwili viko mbali sana kimoja na kingine na watu wake ni wa makabila tofauti, lakini mtindo wa kazi ulikuwa mmoja: kuzingira, kuwatenga wanaume na wanawake, kubaka, kuua, kuchoma.

Katika nchi ya Waixil, pembetatu ya milima kati ya miji ya Nebaj, Chajul na Cotzal, jeshi liliendesha operesheni iliyoitwa Sofía kati ya Julai na Agosti mwaka huo. Makaratasi yake yamesalia, zaidi ya kurasa 300. Mwaka 2009 mtafiti Kate Doyle wa kituo cha nyaraka za usalama wa taifa jijini Washington aliyafikisha mbele ya jaji wa Hispania. Ukiyafungua unakuta kazi za ofisini: amri zinashuka, taarifa za doria zinapanda, tarehe, mihuri, sahihi, risasi zilizotumika, nyumba zilizochomwa, watu waliokamatwa. Jeshi lililoasi wakubwa wake haliandiki hivyo. Hili ni jeshi linaloripoti kazi iliyoagizwa.

Kilichowaua Waixil wengi hakikuwa risasi peke yake. Askari walifyeka mahindi yakiwa shambani, wakachoma yaliyokuwa ghalani, wakaua mifugo na kuvunja mawe ya kusagia. Waliosalia walipanda milimani na kukaa huko miezi, wengine miaka, wakila mizizi na majani, bila chumvi, bila moto mchana kwa kuogopa moshi usionwe na helikopta. Watoto walikufa kwa njaa na baridi. Tume ya ukweli ilikadiria kuwa kati ya asilimia 70 na 90 ya vijiji vya Waixil viliteketezwa. Kwa nchi nzima watu waliokimbia makazi yao katika miaka hiyo walikuwa kati ya nusu milioni na milioni moja na nusu.

Je, hayo yalikuwa mauaji ya kimbari? Swali hili limegawanya Guatemala kuliko jingine lolote kumhusu Ríos Montt, na hoja za wanaokataa zinastahili kujibiwa badala ya kupuuzwa. Wanasema lengo la jeshi lilikuwa kuwashinda waasi, si kuwamaliza Wamaya. Wanasema askari wengi na mgambo wengi walikuwa Wamaya wenyewe. Wanasema pia kuwa waasi nao waliua, na hilo ni kweli, ingawa tume iliwahesabia asilimia tatu tu ya ukatili.

Tume ilijibu kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa: sababu na nia. Sababu ya jeshi inaweza kuwa ushindi wa vita. Lakini ukiamua kwamba njia ya kushinda ni kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya kabila lao, pamoja na watoto wachanga ambao hawawezi kubeba silaha, nia ya kuangamiza ipo hata kama sababu yako ni nyingine. Jeshi lilikuwa limewaandika Waixil wote kuwa ni wa waasi, na hapo kabila zima likageuka adui. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hoja hii kwa karibu, maana mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari ilikaa Arusha. Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda, ilisema kuwa hata ubakaji unaweza kuwa chombo cha kuangamiza kabila. Wanawake wa Kiixil walipokuja kutoa ushahidi miaka kumi na tano baadaye, walisimama kwenye msingi uliokuwa umeshamwagwa na wanawake wa Rwanda.

Washington ilijua kiasi gani ni jambo la kuhuzunisha. Rais Jimmy Carter alikuwa amebana misaada ya kijeshi tangu 1977, na Israel ikawa miongoni mwa waliojaza pengo kwa kuuza silaha. Ronald Reagan alitaka kurudisha uhusiano. Alikutana na Ríos Montt huko San Pedro Sula, Honduras, tarehe 4 Desemba 1982, kisha akawaambia waandishi wa habari kuwa jenerali ni mtu mwadilifu anayesingiziwa. Siku mbili baadaye kikosi maalumu cha Kaibiles kiliingia Dos Erres, kijiji cha Petén, kutafuta bunduki zilizoporwa na waasi. Hawakuzikuta. Waliua watu zaidi ya 200 na kutupa miili ya wengi kisimani, wakianza na watoto. Januari 1983 Marekani iliondoa zuio la kuiuzia Guatemala vifaa vya kijeshi. Mwaka 1999 Rais Bill Clinton alikwenda Guatemala na kukiri kwamba nchi yake ilikosea kuyaunga mkono majeshi hayo. Wahubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson akiwa mbele, nao walimchangia na kumwombea Ríos Montt.

Tarehe 8 Agosti 1983 waziri wake wa ulinzi, Jenerali Óscar Mejía Víctores, alimwondoa. Matajiri walikuwa wamechukizwa na kodi mpya ya ongezeko la thamani, majenerali walikerwa na maofisa wadogo na wazee wa kanisa waliokuwa wakimshauri rais, na Wakatoliki hawakusahau ya Papa. Hakuna hata mmoja wa waliompindua aliyetaja Waixil.

Katiba mpya ya 1985, kifungu cha 186, ilipiga marufuku mtu aliyeingia madarakani kwa mapinduzi asigombee urais tena. Kifungu hicho kilimfuata karibu miaka ishirini. Alianzisha chama cha Frente Republicano Guatemalteco, FRG, mwaka 1989, akazuiwa kugombea 1990, akazuiwa tena 1995. Kila alipozuiwa alizidi kupendwa, kwa maana ile hadithi ya 1974 ilijirudia: mzee anaogopwa na wakubwa. Mwaka 1999 alimsimamisha Alfonso Portillo, ambaye alishinda urais.

Kinachomshangaza mgeni ni kwamba FRG ilipata kura hata katika mkoa wa Quiché, hata Nebaj. Nimesoma maelezo mengi na naona mawili yana uzito. La kwanza ni la kumbukumbu. Chini ya Lucas García mtu wa kijijini aliuawa atii asitii. Chini ya Ríos Montt aliambiwa kuna njia ya kupona: shuka mlimani, ingia mgambo, pokea maharage. Aliyeipata njia hiyo aliihesabu kuwa uhai wake, na mwenye kuitoa akamhesabu kuwa mwokozi, ingawa ni yeye huyohuyo aliyekuwa amefunga njia nyingine zote. La pili ni la mtandao. Mgambo wa zamani waligeuka matawi ya chama, na serikali ya Portillo ikawaahidi malipo ya fedha taslimu kwa utumishi wao wa vitani. Wajane wa waliouawa na mgambo hao walikuwa bado wanasubiri kulipwa chochote.

Na ule uadilifu? Mwaka 2000, Ríos Montt akiwa spika, kiwango cha kodi ya vileo kilibadilishwa kwenye maandishi baada ya wabunge kukwisha kupiga kura, na kashfa ikamkumba yeye na wabunge wenzake kwa makumi. Portillo alikuja kukiri kosa la utakatishaji wa fedha mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2014. Tarehe 24 Julai 2003, baada ya Mahakama ya Juu kusimamisha tena azma ya Ríos Montt ya kugombea urais, wafuasi wa chama waliletwa mji mkuu kwa mabasi, nyuso zimefunikwa, fimbo na mapanga mkononi, wakayafunga maeneo ya biashara na kuwakimbiza waandishi wa habari. Mwandishi mmoja alifariki kwa mshtuko wa moyo akikimbia. Siku hiyo inaitwa Alhamisi Nyeusi. Mahakama ya Katiba ikamruhusu kugombea. Akawa wa tatu, kwa chini ya asilimia 20 ya kura. Wakazi wa mji mkuu, waliomkumbuka kwa usalama, walikuwa wameiona fujo yake kwa macho yao.

Alirudi bungeni mwaka 2008 na kupata tena kinga ya kutoshtakiwa. Kinga ilikoma Januari 2012, na tarehe 26 ya mwezi huo akafikishwa mahakamani. Nyuma ya siku hiyo kulikuwa na kazi ya muda mrefu: chama cha wahanga kilichokusanya ushahidi vijijini kwa miaka, wataalamu waliofukua makaburi, mashtaka aliyofungua mwanaharakati wa Kimaya Rigoberta Menchú nchini Hispania mwaka 1999, na mwendesha mashtaka mkuu, Claudia Paz y Paz, aliyekubali kusaini hati.

Kesi ilianza tarehe 19 Machi 2013 mbele ya jopo lililoongozwa na Jaji Yassmín Barrios. Mshtakiwa wa pili alikuwa José Mauricio Rodríguez Sánchez, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi. Karibu mashahidi mia moja walionusurika walisafiri kutoka milimani na kuzungumza Kiixil kupitia wakalimani. Wanawake waliobakwa walijifunika shela kichwani na usoni, wakasema. Wengi wao walikuwa hawajapata kuyasema hayo hata kwa watoto wao.

Hati ya mashtaka ilitaja Waixil 1,771 waliouawa. Upande wa mashtaka haukuhitaji kuonyesha kuwa jenerali alimpiga mtu risasi. Ulihitaji kuonyesha kuwa alijua, kwamba alikuwa na uwezo wa kuzuia, na kwamba hakuzuia. Hapo ukaletwa mkanda wa mwaka 1982. Mtengenezaji filamu Mmarekani Pamela Yates alikuwa amemhoji akiwa rais, na katika mahojiano hayo Ríos Montt, kwa kujiamini kwake kwa kawaida, anasema kwamba kama asingeweza kulidhibiti jeshi, asingekuwa na kazi yoyote ya kufanya pale. Alikuwa akijisifu. Miaka thelathini na moja baadaye sifa hiyo ikawa ushahidi.

Tarehe 9 Mei alisimama kujitetea na kuzungumza karibu saa nzima. Alisema hakuwahi kusaini wala kuagiza kuangamizwa kwa kabila lolote. Yeye alikuwa mkuu wa nchi, na mambo ya uwanjani yalikuwa ya makamanda wa mikoa. Namwona katika dakika hizo kuliko katika hotuba zake zote za Jumapili. Mtu aliyefundisha taifa zima kuwa mamlaka ni kitu kimoja kisichogawanyika, sasa aliyagawa mpaka hakubakiwa nayo hata chembe. Kesho yake, tarehe 10 Mei, majaji walimtia hatiani: miaka 50 kwa mauaji ya kimbari na 30 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Rodríguez Sánchez aliachiwa. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda, alikuwa amehukumiwa Arusha na majaji wa kimataifa. Ríos Montt alitiwa hatiani kwa kosa hili na mahakama ya nchi yake mwenyewe.

Hukumu ilidumu siku kumi. CACIF, jumuiya ya wenye viwanda, biashara na mashamba makubwa, ilitaka ifutwe, na tarehe 20 Mei Mahakama ya Katiba, majaji watatu dhidi ya wawili, ikaifuta kwa sababu za utaratibu na kuamuru kesi irudi nyuma mwezi mmoja. Rais wa nchi wakati huo, Otto Pérez Molina, jenerali pia, alikuwa ofisa Nebaj mwaka 1982, na shahidi mmoja alikuwa amemtaja jina kesini.

Linganisheni na Dos Erres. Agosti 2011 wanajeshi wanne wa zamani walihukumiwa zaidi ya miaka 6,000 kila mmoja kwa mauaji ya kijiji kile, na hukumu zao zikabaki. Sheria ya Guatemala imeweza kumfikia sajini aliyeshika mtoto kisimani. Ilipomfikia aliyekuwa juu ya ngazi ileile ya amri, ngazi ikavutwa. Kwa maoni yangu huu ndio urithi mzito zaidi wa Ríos Montt: amewaachia watawala mfano wa mtu anayedai utii wote anapotawala na kukana amri zote anaposhtakiwa, na anayefanikiwa kwa yote mawili. Nakubaliana na Jaji Barrios. Amri ilikuwa yake, alisema hivyo mwenyewe alipokuwa na nguvu, na makaratasi ya jeshi lake yanasema hivyo.

Madaktari walisema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kesi ya pili ilianzishwa bila yeye kuhitajika kufika. Ríos Montt alifariki nyumbani kwake tarehe 1 Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 91, bila hatia yoyote katika kumbukumbu za mahakama. Septemba mwaka huohuo majaji walimaliza kesi na kutamka kwamba jeshi la Guatemala lilitenda mauaji ya kimbari dhidi ya Waixil. Rodríguez Sánchez, mshtakiwa pekee aliyekuwa amebaki hai, wakamwachia huru kwa mara ya pili.